Farasi Akishtuka Nawe Uko Mgongoni

Mimi ni mtu wa Lamu, kwa hiyo mgongo wa kwanza niliokalia ulikuwa wa punda. Punda akiogopa husimama. Hukita miguu yote minne mchangani, akainua masikio, akafikiri, nawe unapata wasaa wa kushuka na kumsubiri mpaka akate shauri. Nilipofika Nairobi mwaka 1998 kufanya kazi ya saisi, yaani mtunza farasi, kwenye mazizi ya upande wa Karen, nilimchukulia farasi kuwa punda mrefu. Wiki ya tatu nikajua sivyo. Farasi hukimbia kwanza. Kufikiri hufuata baadaye, akishafika mbali na kugeuka aangalie alichokuwa akikikimbia.

Naanza na hilo kwa sababu wanafunzi wangu wengi, wakubwa kwa watoto, farasi akishtuka husema "ana kiburi" au "ananijaribu". Hana kiburi. Ni mnyama wa uwanda ulio wazi, hana pembe wala makucha, na kilichomweka hai tangu zamani ni miguu. Macho yake yako kwenye pande za kichwa, anaona karibu pande zote kwa pamoja, isipokuwa hapo mbele kabisa ya paji la uso na huko nyuma kabisa ya mkia. Karatasi inayopepea kwenye ua anaiona kabla yako, lakini haioni vizuri, na papo hapo mwili wa kilo 450 au 500 unaruka kando. Usipokuwa tayari unabaki hewani pale alipokuwa.

Baruti na mabati

Baruti alikuwa farasi wa mbio. Alikimbia miaka minne kwenye uwanja wa Ngong, kisha akauzwa awe wa matembezi, kama wanavyouzwa wengi hapa kwetu. Asubuhi moja tulitoka kwenye njia ya msituni, tukafika pale inapokutana na lami. Kijana akapita na mkokoteni wa mabati, gurudumu likaingia shimoni, mabati yakateleza yote kwa mpigo. Baruti akainua kichwa mpaka masikio yake yakawa karibu na pua yangu. Nami nikafanya anachofanya kila mtu ambaye hajafundishwa: nikavuta hatamu zote mbili kwa nguvu zangu zote, nikainama mbele, nikabana magoti.

Sasa fikiria yeye alivyofundishwa. Uwanjani, mpandaji anayeinama mbele huku amekaza hatamu anamwambia twende. Farasi wa mbio huegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, ndiyo inayompa nguvu. Kwa hiyo nilikuwa nampa amri mbili kwa wakati mmoja, simama na kimbia, na mbele kuna mabati. Njia iliyobaki ilikuwa juu. Akasimama kwa miguu ya nyuma, mimi bado nimeng'ang'ania hatamu, akayumba, nikaangukia bega la kushoto kwenye ukingo wa lami. Mtulinga ukavunjika. Wiki sita sikuinua ndoo.

Mzee aliyetufundisha kazi hakunigombeza. Alikuja kunijulia hali na chupa ya uji, akakaa, akasema, "Hofu iko miguuni, wewe ukashika mdomo." Mengi ninayowafundisha watu leo yametoka katika maneno hayo.

Kabla hujaweka mguu kwenye kikuku

Kushtuka huanza kabla ya kupanda, na farasi hakufichi. Simama naye dakika mbili umsome. Farasi aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika. Tazama pua yake, hesabu. Shika shingo chini ya manyoya: ikiwa ngumu kama ubao, kichwa kiko juu, mkia umebanwa, ameacha nyasi zake na anatazama mbali, huyo hajawa tayari kubeba mtu.

Kisha jiulize kwa nini. Hapa ndipo ninapowasihi sana wenye farasi. Farasi aliyekuwa mpole mwezi mzima akaanza kurukaruka ghafla, mara nyingi anaumwa. Tandiko linamfinya begani, jino limechongoka na lijamu inaligonga, au mgongo umeteguka. Pitisha vidole kwa kukaza kidogo kuanzia mwanzo wa mgongo hadi kiunoni. Akikwepa au akilaza masikio, mrudishe bandani uite daktari wa mifugo. Hakuna ujuzi wa kupanda unaotibu jeraha.

Sababu nyingine ni nyepesi. Amefungiwa siku tatu huku analishwa shayiri kama anayekimbia kila siku. Ni Julai, asubuhi ya baridi, upepo unavuma kwenye miti. Rafiki yake wa banda la jirani amepelekwa kwingine. Hayo nayashughulikia kwa miguu yangu, chini. Mfunge kamba, tembea naye, mgeuze kulia, mgeuze kushoto, mrudishe nyuma hatua mbili, msimamishe. Unamwomba mambo madogo na unasubiri akujibu. Ukiona kichwa kimeshuka, anatafunatafuna na kulamba midomo, sikio moja limekugeukia, panda. Dakika ishirini zikipita na bado anazunguka kama tiara, siku hiyo kazi yenu iishie hapo chini. Nimewahi kurudisha wageni waliokwisha kulipa.

Vifaa nitavitaja upesi kwa kuwa havina mjadala. Helmeti iwe ya kupandia farasi, kwa maana ya boda boda imetengenezwa kwa kazi nyingine, na ikishapigwa chini mara moja kwa nguvu nunua mpya hata kama huoni ufa. Buti liwe na kisigino, ili mguu usipenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, ukanasa, kwani kuburutwa ni kubaya kuliko kuanguka. Kaza mshipi wa tumboni kabla ya kupanda, tembea kidogo, kaza tena. Mvike farasi ukanda wa ngozi shingoni, hata mkanda wa zamani wa kikuku unafaa, uwe na pa kushika pasipokuwa mdomo wake. Usizungushe hatamu mkononi kamwe. Simu iwe mfukoni mwako, si kwenye mkoba wa tandiko, maana farasi akiondoka bila wewe anaondoka nayo.

Pumzi

Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi walichapisha jaribio ambalo daktari wetu wa mifugo alinisimulia tukiwa tunafunga kwato bendeji. Waliwaambia watu wampeleke farasi kutoka hapa mpaka pale mara nne, wengine wakimwongoza kwa kamba, wengine wakiwa mgongoni. Kabla ya mara ya nne wakawaambia kwamba safari hii mtu atafungua mwavuli. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini mioyo ya watu ilipiga mbio kwa kuungoja, na mioyo ya farasi nayo ikaongeza kasi, ingawa farasi hakuambiwa kitu. Nilimwambia daktari, hilo hata mapaja yangu yanalijua. Ukibana pumzi, tumbo linakaza, mapaja yanakaza, na yeye anahisi kama vile mwenzake kundini ameona simba.

Kwa hiyo la kwanza kabisa, kabla ya mkono kufanya lolote, toa pumzi. Usianze kwa kuvuta hewa, utaizuia kifuani. Itoe kwa mdomo, polepole, mpaka uhisi makalio yamezama kwenye tandiko na visigino vimeshuka. Inua macho utazame mbali, kwenye mti au mwisho wa njia. Ukitazama shingo yake unainama, na ukiinama umeshaanza kuanguka.

Wanaosahau kupumua nawaambia waimbe. Mimi huimba kasida za Maulidi nilizojifunza chuoni Lamu, polepole, sauti ya chini. Mtu hawezi kuimba huku amezuia pumzi. Mwanafunzi wangu mmoja, mama wa makamo, huhesabu pesa za chama chake kwa sauti, jina kwa jina, na farasi wake anamsikiliza kwa sikio moja mpaka mwisho wa orodha. Lolote litakalotoa hewa linafaa. Usipige kelele "hoo! hoo!" kwa sauti ya juu. Sauti kali inathibitisha kwamba hatari ipo.

Ipe miguu kazi

Kama nilivyosema, hofu iko miguuni. Miguu inataka kwenda, na ukiizuia kabisa italipuka. Mwache aende, lakini wewe ndiye uchague wapi.

Tuseme mbele kuna kitu: mkokoteni, turubai, mbuzi wamejificha kichakani. Usimpeleke uso kwa uso. Kaa umbali anaoweza kuuvumilia, mpe sekunde tatu nne atazame, kisha mpe kazi. Mzungushe duara la mita kumi kwa mwendo wa kawaida, mgeuze upande wa pili, chora namba nane. Kila akigeuka, mguu wa nyuma wa ndani unavuka mbele ya mwenzake, na farasi anayevusha miguu hawezi kuruka mbele kama mshale. Hatamu ya ndani fungua kidogo, kaza, legeza mara tu anapofuata. Hapo pa kulegeza ndipo watu wengi wanapokosea. Wanakaza na kubaki wamekaza, basi farasi hajui kama amejibu sawa. Legeza hata kwa nukta moja kisha uombe tena.

Wakati wa kukipita kitu chenyewe, geuza pua yake mbali nacho, si kuelekea kwake. Kikiwa kulia, pua ielekee kushoto kidogo, mguu wako wa kushoto ubane ubavu. Akiruka, ataruka kwa bega la kulia, upande wa kile anachokiogopa, na hapendi. Wengi hufanya kinyume, wanamgeuzia kichwa akione, akarudi nyuma hadi mtaroni. Wala usikikodolee macho wewe mwenyewe, maana kichwa chako kinamwambia hapo ndipo penye jambo.

Na fimbo? Usimpige farasi aliyeogopa. Sasa atakuwa na mambo mawili ya kuogopa, na moja liko mgongoni.

Kuwa na mwenzako ni nusu ya dawa. Farasi mzee, mtulivu, aende mbele, mwoga afuate mkiani kwa urefu wa farasi mmoja na nusu, asije akapigwa teke. Mkifika salama, wa mbele asiondoke mbio. Wa nyuma ataona ameachwa, na kuachwa na kundi kunamtisha kuliko mabati.

Barabarani kuna la ziada. Boda boda huwa wanapiga honi kwa wema, wakidhani wanakuonya. Inua mkono mapema, mwombe apunguze au azime injini, kisha mshukuru kwa sauti. Wengi wanasimama kabisa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwezi Agosti 2017, njia zetu zimepata nafuu kubwa, na ni nadra sasa kumwona farasi akikimbizwa na mfuko wa duka. Lakini kanga bado wanaruka kundi zima kutoka kwenye nyasi, na ndege kwarara bado wanapita alfajiri wakipiga yowe lao. Hao huwezi kuwaomba wazime.

Kuna wakati lakini umwamini. Farasi akisimama ghafla msituni, mwili mzima umeelekea kichaka kimoja, masikio hayachezi, na anatoa pumzi nzito ya puani, usimlazimishe. Mara mbili nimemgeuza farasi aliyefanya hivyo nikarudi nilikotoka. Mara moja sikujua alichoona. Mara nyingine, tukiwa na wageni huko karibu na Maasai Mara, dume la nyati lilitoka dakika moja baadaye mahali palepale tulipokuwa tupite.

Akichomoka mbio

Kama amekwisha kuondoka, jua kwanza kwamba una muda zaidi ya unavyohisi. Kubaki juu ndiyo kazi. Kaa nyuma, mabega nyuma, visigino chini na mbele kidogo. Usiiname kama wapanda mbio, hasa ukiwa juu ya farasi aliyewahi kuwa mmoja wao. Shika ukanda wa shingoni au manyoya kwa mkono mmoja.

Usivute bila kuachia. Akiegemea, mnashindana nguvu, na yeye ana kilo 500. Kita mkono mmoja shingoni ukiwa umekamata hatamu fupi, mwingine vuta juu na nyuma, achia, vuta, achia, ukifuata mdundo wa mwili wake. Kila ukiachia anakosa pa kuegemea. Kama uwanja ni mpana, mpeleke kwenye duara kubwa, kisha ulipunguze kidogo kidogo mpaka ashuke kwenye matiti, yale tunayoyaita troti mazizini, halafu hatua za kawaida. Duara dogo kwa mara moja katika kasi kubwa humwangusha farasi pamoja nawe, na kwenye lami au matope ndiyo usijaribu kabisa. Kilima kikiwa karibu, mwelekeze kwenye mwinuko, hatachukua muda mrefu.

Geuzo la hatamu moja, lile la kumleta pua kwenye goti lako mpaka makalio yazunguke na asimame, ni kinga nzuri sana, ila ni la mwanzo wa hofu, anapoanza tu kujikusanya. Lifundishe akiwa ametulia, kila siku, kulia na kushoto, kwanza amesimama, kisha akitembea, kisha kwenye matiti. Wanafunzi wangu hulifanya mara tano kila upande kabla ya somo. Siku ya mabati mkono hautakuwa na muda wa kukumbuka usichouzoeza.

Akisimama kwa miguu ya nyuma: legeza hatamu zote, egemea mbele, kumbatia shingo. Aliyeniangusha si Baruti, ni mimi niliyemvuta. Akirusha mateke: kaa nyuma, inua kichwa chake kwa hatamu moja, msukume aende mbele, kwa maana ili arushe mgongo lazima ashushe kichwa.

Kushuka

Watu wamefundishwa kwamba ukishuka farasi amekushinda. Maneno haya yamewavunja mifupa wengi. Ukihisi mwili wake unajikunja kama springi, duara zimekataa, pumzi imekukataa na wewe, shuka, wakati bado ni wewe unayechagua. Toa miguu yote miwili kwenye vikuku kwanza, yote miwili, egemea mbele, rusha mguu wa kulia nyuma ya tandiko, sukuma mwili utoke, tua magoti yamekunjika, uso umeelekea anakoelekea yeye. Lizoeze hili akiwa amesimama, halafu akitembea, mpaka usihitaji kufikiri.

Ukiwa chini, pandisha vikuku visimpige mbavuni, toa hatamu shingoni, simama sambamba na bega lake, nje kidogo. Usisimame mbele yake, akiruka ataruka juu yako. Mwongoze akipite kile kitu ukiwa wewe uko kati yake na kitu, maana huruka kuelekea asikokuogopa. Mkipita, mwache ashushe kichwa, msugue pale shingo inapokutana na mgongo. Ukiwa bado unatetemeka, rudini nyumbani kwa miguu. Nimefanya hivyo nikiwa na miaka ishirini ya kazi, kilomita nne, kwenye mvua.

Na kama umeanguka, achia hatamu. Jikunje, viringika mbali na kwato. Farasi atapatikana, huwa anarudi bandani kabla yako. Ukiwa umegonga kichwa, usipande tena siku hiyo hata ukijisikia mzima, na uende ukaonwe na daktari.

Baadaye

Baruti sikumpeleka kwenye mabati. Nilileta mabati nyumbani. Bati moja, kingo zake nimezikunja na kuzifunga gunia zisimkate, nikalisimamisha kwenye ua wa mbali wa malisho. Alikula jioni akilitazama. Kila siku nikalisogeza hatua mbili tatu. Akiinua kichwa na kuganda, nililirudisha hatua moja na kungoja, na pale tu aliposhusha kichwa niliondoka kabisa, aone kwamba utulivu wake ndio uliofukuza lile dude. Wiki ya pili kijana wa bandani akawa analitikisa kwa mbali, taratibu, nami niko na Baruti kwenye kamba ndefu, ana uwezo wa kusogea, hakufungwa mtini. Kumfunga farasi mbele ya kitu anachokiogopa ni kumnyang'anya miguu, na utamfundisha kuvunja kamba.

Siku ya kumi na tisa nilipanda. Nilimwomba kijana alipakie bati kwenye mkokoteni na kuuvuta mbele yetu, akienda mbali nasi. Jambo hili jaribu kulikumbuka: kitu kinachokimbia si mwindaji. Mwanzo Baruti aliganda, nikatoa pumzi, nikaanza kasida ubeti wa kwanza. Mkokoteni ukaenda, bati likigongagonga. Ubeti wa tatu alipiga hatua moja, halafu nyingine. Tulipofika lango la malisho alikuwa anaufuata kwa masikio mbele, shingo imenyooka, pua karibu iguse bati, na kijana akageuka akaniuliza kama asimame au aendelee. Nikamwambia aendelee.